Kati ya Beijing na Missouri: Niliyojifunza kwa Waandishi wa Habari wa Mataifa Mawili

Mwezi Julai 2016, katika wiki ileile ambayo mahakama ya usuluhishi ya The Hague ilitoa hukumu iliyoipa ushindi Ufilipino dhidi ya China kuhusu Bahari ya China Kusini, nilinyoosha mkono katika mkutano wa wanahabari wa Wizara ya Mambo ya Nje jijini Beijing nikauliza swali kuhusu reli ya TAZARA. Swali lenyewe halikuwa baya. Mwezi huo ilikuwa inatimia miaka 40 tangu reli hiyo ikabidhiwe rasmi kwa Tanzania na Zambia, na mhariri wangu wa Dar es Salaam alikuwa amenisisitizia nimpatie kauli ya serikali ya China kuhusu ukarabati wake. Nilijibiwa kwa utulivu na kwa urefu, na nilipoinua uso kutoka kwenye daftari niliona watu wanakusanya vitu vyao. Mkutano ulikuwa umekwisha.

Mlangoni alinisubiri Mmarekani mmoja mrefu, mwandishi wa gazeti la kwao, ambaye mkono wake ulikuwa juu karibu muda wote bila kupewa nafasi. Hakuwa amekasirika; alikuwa amechoka tu. Aliniambia kwamba swali langu lilikuwa zuri, ila lilikuwa la aina ambayo mtu angeweza kuituma kwa barua pepe. Kisha akanipa kadi yake kwa mikono miwili, kama Wachina wafanyavyo, akaenda zake. Usiku ule sikupata usingizi mapema, kwa sababu nilielewa nilichokifanya: katika chumba kile swali lilikuwa kitu cha foleni, kama maji ya bomba la mtaa wakati wa kiangazi, nami nilikuwa nimekinga pipa zima siku ambayo wengine walihitaji japo kikombe.

Ni haki msomaji ajue nilifikaje pale. Nilikuwa miongoni mwa waandishi wa Kiafrika walioalikwa Beijing kwa miezi kumi, chini ya mpango ambao China iliuanzisha mwaka 2014 kwa ajili ya wanahabari wa bara letu. Tulipewa nyumba, posho, masomo ya Kichina na ziara za mikoani kwa basi, tukitanguliwa na kiongozi mwenye kibendera kidogo. Tulitunzwa vizuri, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo wala ya kuliombea radhi. Baadaye, kama nitakavyoeleza, nilikula pia chakula cha upande wa pili. Mwandishi anayesimulia habari za nchi aliyoalikwa bila kumtaja mwenyeji wake anamwacha msomaji na nusu ya habari.

Baada ya wiki mbili nilimpigia simu yule Mmarekani kumwomba radhi, naye akanikaribisha kula tambi katika mkahawa mdogo karibu na makazi ya wageni ya Jianguomenwai, mtaa ambao wengi wetu tuliishi. Hapo ndipo nilipokutana na mtu aliyenifundisha mengi kuliko semina zote nilizohudhuria. Alikuwa dada wa Kichina wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa mkoa wa Hunan, na cheo chake kilikuwa msaidizi wa habari. Kwa kanuni za China, raia wa nchi hiyo haruhusiwi kuwa mwandishi wa chombo cha habari cha kigeni. Anaweza kuajiriwa kama msaidizi tu, tena kupitia wakala wa huduma ulio chini ya serikali. Basi msaidizi ndiye anayesoma magazeti ya mikoani alfajiri, anayetafuta watu, anayewabembeleza waongee, anayetafsiri, anayekagua majina na tarakimu, halafu habari inatoka kwa jina la mwingine. Jina lake yeye likionekana, huwa ni mwisho kabisa, kwa herufi za mlazo, kwamba alichangia utafiti.

Siku ile ya tambi alikuwa akimtafuta mzee mmoja wa mkoa wa Hebei aliyepunguzwa kazi katika kiwanda cha chuma. Mwaka huo Washington ilikuwa ikilalamika kwamba China inafurika soko la dunia kwa chuma cha bei ya chini, na Beijing kwa upande wake ilikuwa imetangaza kupunguza uzalishaji. Simu ilipopokelewa, dada yule alibadilika sauti. Aliacha Kichina cha Beijing akatumia maneno ya polepole, ya mtu anayeongea na baba yake mdogo. Alimuuliza mzee kama amekwisha kula. Akamuuliza juu ya mgongo, juu ya mjukuu, juu ya mvua kubwa zilizopiga Hebei mwezi ule. Mmarekani alikuwa akigongagonga kalamu mezani, tambi zake zinapoa, na mimi nikawa nacheka moyoni, maana kwetu Tanga pia mtu haanzi na shida yake kabla ya kupitia habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Dakika kumi na saba zilipita hivyo. Niliziangalia kwenye saa. Katika dakika tatu za mwisho mzee alisema yote. Alieleza kwamba waliambiwa tanuru linazimwa kwa sababu Wamarekani hawataki tena chuma chao. Kisha, kabla ya kukata simu, akauliza yeye: je, na wale wa Marekani ambao inasemekana wanaachishwa kazi kwa ajili ya chuma chetu, wao wanalipwa kiinua mgongo?

Nilidhani swali hilo ndilo lingekuwa kichwa cha habari. Halikuwamo kabisa. Mhariri alilikata ili nafasi itoshe maoni ya mtaalamu wa uchumi, na dada yule alinieleza hilo bila manung'uniko, akanionyesha daftari lake jekundu ambamo alikuwa akiyaandika maneno ya watu yaliyoachwa. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu.

Jumapili moja ya Septemba alinipeleka Chuo Kikuu cha Peking, kando ya Ziwa Weiming, kunionyesha kaburi. Ni jiwe jeupe chini ya miti, linalomtaja Edgar Snow kuwa rafiki wa Kimarekani wa watu wa China, na hapo imezikwa sehemu ya majivu yake. Snow alizaliwa Kansas City, katika jimbo la Missouri, mwaka 1905, akafika Shanghai mwaka 1928, na mwaka 1936 akapenya hadi Bao'an, katika mkoa wa Shaanxi, ambako Mao Zedong na wapiganaji wenzake wa Kikomunisti walikuwa wamejichimbia. Dunia ilikuwa haijui hata kama watu wale wako hai. Kitabu alichokitoa mwaka uliofuata ndicho kilichowapa sura mbele ya Wamarekani, na tafsiri yake ya Kichina ikawapa sura mbele ya Wachina wenyewe. Miaka mingi baadaye, tarehe 1 Oktoba 1970, alisimamishwa kando ya Mao juu ya Lango la Tiananmen, na mwezi Desemba picha hiyo ikatolewa ukurasa wa kwanza wa Renmin Ribao, gazeti la chama tawala cha China. Ilikuwa barua ya kumwambia Rais Nixon wa Marekani kwamba mlango uko wazi, ila iliandikwa kwa picha badala ya maneno, na Washington haikuisoma. Henry Kissinger, mshauri wa Nixon, alikiri baadaye kwamba ishara ile iliwapita. Snow alifariki tarehe 15 Februari 1972, siku sita kabla ndege ya Nixon haijatua Beijing.

Nilikuwa naanza kupata machozi ya heshima pale kaburini dada yule aliponiambia kwa sauti ya chini kwamba bibi yake alinusurika njaa kuu ya mwaka 1959 hadi 1961 huko Hunan. Snow alialikwa China mwaka 1960, akatembezwa kwa miezi kadhaa, na akarudi kuandika kwamba hakuona njaa. Mamilioni walikuwa wanakufa. Hakusema uongo, alisema dada. Hakuona, kwa sababu barabara alizopitishwa hazikufika kwa bibi yangu. Mtu huyohuyo mmoja, aliyeona mwaka 1936 kile ambacho hakuna aliyekuwa amekiona, alipita mwaka 1960 katikati ya msiba mkubwa kuliko yote asiuone. Nilikikumbuka kibendera cha basi letu. Tangu siku ile, kila ninapoandika kwamba nimeona jambo fulani katika ziara, naongeza ni nani aliyenipeleka na ni upande gani wa barabara nilioketi.

Jioni yake, kwa haraka ya mtu asiyesoma vya kutosha, nilimwambia yule Mmarekani kwamba basi ni China tu ndiyo iliyowafungia waandishi mlango. Alinisahihisha yeye mwenyewe. Mwaka 1956 China ilitangaza kwamba itawapa viza waandishi wa Marekani, na aliyekataa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Foster Dulles, kwa hoja kwamba nchi yake haiitambui serikali ya Beijing. William Worthy, Mmarekani mweusi wa gazeti la Afro-American la Baltimore, alikwenda bila ruhusa mwishoni mwa mwaka huo, na aliporudi serikali yake ikamnyima pasipoti mpya. Dulles alipolegeza kamba mwaka 1957, hakutaka kuahidi kwamba waandishi wa Kichina nao watapokewa Marekani kwa idadi ileile, na jambo likakwama hapo. Hesabu hii ya nipe nikupe, ya kichwa kwa kichwa kama wanaobadilishana mateka, niliisikia siku hiyo kama kisa cha kale. Sikujua kwamba nitaishi kuiona.

Kisa cha Reston nilikipata kitandani. Mwezi Oktoba tumbo lilinikamata kwa sababu ya pilipili za Hunan (dada alinionya, sikusikia), na Mmarekani alipokuja kunijulia hali alitania kwamba anaomba isiwe kidole tumbo, maana nitaingia katika historia. James Reston wa New York Times aliingia China kupitia Guangzhou tarehe 8 Julai 1971, akaambiwa mpango wa safari umebadilika, akazuiwa kule kusini kwa siku mbili kabla ya kupandishwa treni. Alipofika Beijing, Kissinger alikuwa amekwisha kuja kwa siri, amezungumza na Waziri Mkuu Zhou Enlai na ameondoka. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa Marekani alikuwa ndani ya China saa zilezile ambazo habari kubwa ya kizazi chake ilikuwa ikitokea, naye amewekwa kituo cha pembeni! Siku chache baadaye akaugua kidole tumbo, akapasuliwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Rockefeller, ambayo wakati huo ilibandikwa jina la Hospitali ya Kupinga Ubeberu, na maumivu ya baada ya upasuaji yakatulizwa kwa sindano za tiba ya Kichina. Aliandika habari hiyo, ikatoka tarehe 26 Julai, na Wamarekani wasio na hamu yoyote na siasa za Asia wakaanza kuulizana juu ya sindano hizo. Mimi nilipewa vidonge vya njano na uji wa mchele.

Hayo ya mpira wa meza, uliosaidia kuzikutanisha tena China na Marekani, wengi wanayajua, kwa hiyo nayapita upesi: mashindano ya dunia ya Nagoya, Japani, mwaka 1971, mchezaji wa Marekani Glenn Cowan akidandia basi la Wachina, mchezaji wao Zhuang Zedong akimpa zawadi ya picha ya hariri, na timu ya Marekani ikialikwa Beijing mwezi Aprili. Kisichosimuliwa sana ni kwamba kwa mgongo wa timu hiyo waliingia pia waandishi wachache, akiwamo John Roderick wa Associated Press, aliyewahi kuishi na wafuasi wa Mao katika mapango ya Yan'an miaka ya 1940, na Zhou Enlai akamwambia kwamba yeye ndiye aliyefungua mlango. Na katika Tamko la Shanghai, ambalo China na Marekani zililitoa Nixon alipozuru Februari 1972, na ambalo tunalikumbuka kwa sababu ya Taiwan, kuna kifungu kinachotaja maeneo ya watu wa nchi hizi mbili kubadilishana: sayansi, teknolojia, utamaduni, michezo, na uandishi wa habari. Dada yule alikuwa na nakala yake, na neno hilo la mwisho alikuwa amelipigia mstari.

Tarehe 9 Novemba 2016 tulikusanyika sebuleni kwa Mmarekani kufuatilia kura za nchini kwake. Ilipofika kama saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Beijing, Donald Trump akatangazwa mshindi. Tulikuwa watu saba, kila mmoja akiandika kwa wasomaji wake, na kwa muda kilichosikika ni vidole juu ya vibonye. Kijana mmoja wa Kichina, mwandishi wa gazeti la kwao, ndiye aliyevunja ukimya. Aliuliza kwa adabu, bila kejeli, kwamba je, ninyi mnaotueleza kila siku Wachina wanafikiri nini, kwenu mlizungumza na nani? Mmarekani alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mjomba wake anaishi Ohio na hakumpigia simu mwaka mzima. Sijasikia tangu hapo tathmini ya uchaguzi ule iliyo fupi na ya kweli kuliko hiyo.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2018, nilipata mwaliko wa upande wa pili: wiki sita Marekani, katika mpango wa wanahabari kutoka nje, sehemu kubwa tukiwa Columbia, Missouri. Shule ya uandishi wa habari ya chuo kikuu cha pale ilianzishwa mwaka 1908, na Snow alisoma hapo bila kumaliza. Penye tao la kuingilia wamekaa simba wawili wa mawe, zawadi iliyotoka China mwaka 1931, vichwa vyao vimelainika kwa kuguswa. Kabla ya vita kuu ya pili wahitimu wa shule hiyo walijazana katika magazeti ya Kiingereza ya Shanghai, na shule ikasaidia kulea idara ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Yenching, ambacho viwanja vyake ndivyo leo vya Chuo Kikuu cha Peking. Yaani kaburi nililolitembelea na simba niliowagusa ni vya ukoo mmoja. Nilimtumia dada picha ya simba, akajibu kwamba dume ndiye mwenye mpira chini ya guu na jike ndiye mwenye mtoto, niende nikaangalie vizuri.

Mwishoni mwa Septemba tulipelekwa kwenye shamba la soya kaskazini mwa jimbo, karibu na mpaka wa Iowa. Vita vya biashara vilikuwa vimeanza. Tangu tarehe 6 Julai China ilikuwa imeitoza soya ya Marekani ushuru wa asilimia 25. Mkulima, mzee wa miaka sitini na kitu, alizima mashine ya kuvunia, akashuka, akachuma ganda moja kavu la rangi ya kahawia, akalipasua kwa ukucha wa kidole gumba na kunimiminia punje tatu kiganjani. Akasema kwamba katika punje tatu, moja ilikuwa ikienda China. Kisha akatoa ndani ya gari lake gazeti ambalo shemeji yake wa Iowa alimletea: Des Moines Register la Jumapili, lenye kurasa nne zilizolipiwa na China Daily, zikieleza hasara watakayoipata wakulima na zikikumbusha urafiki wa Xi Jinping na Iowa, ambako mwaka 1985, akiwa ofisa wa mkoa wa Hebei, alifikia nyumbani kwa familia moja ya mji wa Muscatine. Kurasa hizo zilimkasirisha Trump hadharani wiki ileile. Mkulima hakukasirika wala kushawishika. Alisema magazeti ya pwani yalikuja kumuuliza kama bado anamuunga mkono rais, na gazeti la China lilikuja kumwambia kwamba ataumia, ila hakuna aliyekuja na jibu la kitu anachokitaka kukijua: wakishaizoea soya ya Brazil, watarudi?

Usiku nililituma swali hilo kwa dada kama lilivyo. Bosi wake alilipenda, na safari hii halikukatwa. Dada alimpigia mfuga nguruwe mmoja wa kwao Hunan, maana soya yenyewe sehemu kubwa huishia kwenye chakula cha mifugo, na bila shaka alianza na habari za watoto na za mvua. Mfugaji alijibu kwamba nguruwe hana habari soya imetoka wapi. Yeye mwenyewe ananunua iliyo rahisi, lakini mwenye kinu cha chakula akishafunga mkataba na Wabrazili hatauvunja kwa sababu ya urafiki. Habari ilitoka na maneno hayo. Niliichapisha kwenye karatasi, nikampelekea mkulima kwa posta kabla sijaondoka Missouri. Ni kazi ndogo sana katika historia ya mataifa haya makubwa, na mimi sikuwa hata mwandishi wake, lakini katika miaka yangu ishirini ya kazi hii sina nyingi ninazozionea fahari kama hiyo.

Halafu ukaja mwaka 2020. Tarehe 18 Februari Marekani ilivitangaza vyombo vitano vya China, likiwamo shirika la habari la serikali, Xinhua, kuwa sawa na ofisi za kibalozi. Siku iliyofuata China ikawafukuza waandishi watatu wa Wall Street Journal kwa sababu ya kichwa cha makala ya maoni kilichoiita China mgonjwa wa Asia, makala ambayo watatu hao hawakuiandika. Machi 2, Marekani ikapunguza wafanyakazi Wachina wa vyombo vinne vya serikali ya China kutoka 160 hadi 100. Machi 17, China ikawafukuza Wamarekani wa New York Times, Wall Street Journal na Washington Post, wasiopungua 13. Mwezi Mei, Marekani ikawapa waandishi wa Kichina viza za siku 90 tu. Kijana mmoja wa Kichina niliyesoma naye Missouri, ambaye wakati huo alikuwa Washington, aliniambia kwamba ameacha kununua hata sufuria.

Rafiki yangu Mmarekani alikuwa miongoni mwa walioondoka. Magazeti yote yaliandika juu ya watu kama yeye, na ilistahili. Juu ya wasaidizi, ambao baadhi yao walinyang'anywa vibali katika siku hizohizo, niliona aya moja moja tu. Dada yule alifunga meza ya bosi wake katika maboksi manne, akarudisha kitambulisho, funguo, kompyuta na simu ya ofisi, akasaini karatasi za wakala, akapanda treni kwenda kwao akiwa amevaa barakoa mbili. Daftari jekundu alibaki nalo. Nilimuuliza kama ana hasira na nani, akanijibu kwamba serikali mbili zimecheza drafti, na kete hazina hasira.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kilichopotea mwaka ule ni idadi ya waandishi, na kwamba idadi ikirudi mambo yatakaa sawa. Novemba 2021 pande mbili zilikubaliana kulegeza viza, na baadhi wamerudi. Mwandishi mpya anaweza kutua Beijing Jumatatu na Jumatano akawa amekwisha tuma habari. Lakini zile dakika kumi na saba za kumuuliza mzee juu ya mgongo wake hazitolewi na ubalozi wowote, na mtu aliyezimudu yuko Changsha, kwao Hunan, anatafsiri maelezo ya mitambo. Ndivyo ilivyo pia kwa mengine yaliyofungwa mwaka uleule: Peace Corps, ambayo iliwapeleka Wamarekani kufundisha katika miji ya ndani ya China tangu 1993, na mpango wa Fulbright, wa Marekani wa kubadilishana wasomi na wanafunzi, kwa China, nchi ya kwanza kabisa kutia saini mkataba wa mpango huo, mwaka 1947. Wanafunzi wa Kimarekani nchini China walikuwa zaidi ya 11,000 katika mwaka wa masomo wa 2018/19. Katika 2022/23 hawakufika 500. Xi amekwisha kutangaza, San Francisco mwaka 2023, kwamba atawaalika vijana 50,000 kwa miaka mitano. Nawatakia safari njema, na nawaombea wapate siku moja bila kibendera.

Marehemu baba yangu alikuwa na redio ya bendi tatu, na jioni alisikiliza Redio Peking, iliyoanza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1961, kisha Sauti ya Amerika, iliyofuata mwaka 1962, akipima uongo wa huyu kwa uongo wa yule, kama alivyokuwa akisema, hadi apate kilichobaki katikati. Machi 2025 serikali ya Marekani yenyewe iliinyamazisha Sauti ya Amerika, na wenzangu wa idhaa ya Kiswahili wakaambiwa wakae nyumbani.

Oktoba 2025 soya ilirudi kwenye habari. China ilikuwa imepitisha miezi bila kununua ya Marekani, na mwisho wa mwezi Trump na Xi walikutana Busan, ikatangazwa kwamba manunuzi yataanza tena. Nilikaa kuandika uchambuzi kwa ajili ya gazeti letu, nikakumbuka kwamba kuna mtu mmoja tu duniani ambaye maoni yake ningeyataka kabla ya yote: yule mfuga nguruwe. Nikamwandikia dada, baada ya salamu ndefu za kutosha, kumwomba namba yake. Alijibu saa mbili baadaye kwamba anamkumbuka vizuri, na anakumbuka hata jina la mke wake na ugonjwa wa mtoto wao wa pili. Namba, alisema, ilibaki kwenye simu ya ofisi.